Nauli kwa Birr, Vipuri kwa Dola

Mara ya kwanza nilipopanda treni nyepesi ya Addis Ababa, ile ya umeme inayopita ndani ya mji, nilimuuliza mkata tiketi treni ya asubuhi inaanza saa ngapi. Akaniambia kwa Kiingereza kuwa ni saa kumi na mbili. Mgeni mmoja aliyesimama nyuma yangu alibaki ameduwaa, maana kwake hiyo ilikuwa adhuhuri. Mimi nilimwelewa hapo hapo. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi Waswahili, jua likishachomoza ndipo siku inaanza kuhesabiwa, na kwa jambo dogo hilo nilijiona niko kwetu. Toka siku ile nimeipenda treni ile, na ndiyo maana hali yake ya sasa inaniuma.

Ni njia mbili. Ya kijani inatoka Ayat upande wa mashariki hadi Tor Hailoch magharibi, ya bluu inashuka kutoka uwanja wa Menelik II hadi Kality kusini. Jumla ni kama kilomita 34 na vituo 39, na katikati ya mji njia hizo zinatumia reli moja kwa vituo vitano. Kimojawapo ni Leghar, jina lililotokana na Kifaransa "la gare", yaani stesheni, kwa kuwa hapo ndipo ilipojengwa stesheni ya reli ya zamani ya Djibouti iliyofika Addis mwaka 1917. Kwa hiyo mtu anashuka kwenye treni ya umeme mbele ya stesheni ya babu zake.

Sehemu inayonigusa zaidi iko kaskazini, kwenye sanamu ya Abune Petros, askofu aliyepigwa risasi na Waitalia mwaka 1936 kwa kukataa kuwatii. Mwaka 2013 sanamu ile iling'olewa ili handaki la treni lichimbwe. Watu wengi walihuzunika, wakihofu hawataiona tena. Mwaka 2016 ikarudishwa mahali pake. Nimesimama pale nikaitazama kwa muda mrefu. Mji uliokubali kumwondoa shujaa wake kwa miaka mitatu ili treni ipite, ulikuwa unaitaka treni hiyo kwa dhati.

Na ilijengwa upesi. Gharama ilikuwa kama dola milioni 475, na takriban asilimia 85 ya fedha hizo ulikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Wajenzi walikuwa China Railway Group. Njia ya kwanza ilifunguliwa Septemba 20, 2015, ya pili Novemba mwaka huo huo. Mwanzoni shirika la metro la Shenzhen lilisaidia kuiendesha huku Waethiopia wakijifunza kazi. Nauli ilianza na birr 2, fedha ya Ethiopia, safari ndefu kabisa ikawa birr 6. Asubuhi ndani ya behewa nilikuta wanafunzi, wafagizi wa maofisi, mama aliyebeba mzigo wa vitunguu. Sakafu iko chini, hivyo mzee anaingia bila kuparamia ngazi.

Miaka michache baadaye nilirudi nikasubiri sana kituoni, na behewa lilipokuja watu walikuwa wameshonana hadi mlangoni. Treni 41 zilizonunuliwa zilikuwa zimepungua barabarani hadi chini ya nusu. Nyingine zilikuwa zimelala karakana zikingoja vipuri.

Hapo ndipo wengi husema, "Mali ya Mchina hiyo." Nalikataa neno hilo. Chuma kinachokwaruzana na chuma kutwa kucha lazima kilike, awe amekitengeneza Mchina, Mjerumani au Mfaransa. Gurudumu lina umri wake, breki zina umri wake, na umri huo unajulikana siku mkataba unaposainiwa. Tatizo ni kwamba abiria analipa kwa birr, na kipuri kinauzwa kwa dola. Treni ilipozinduliwa dola moja ilikuwa kama birr 20. Baada ya thamani ya birr kuachiwa soko liipange Julai 2024, kabla mwaka haujaisha dola ilikuwa imepita birr 100. Mkopo nao haujali birr imeshuka kiasi gani. Fundi hodari anaweza kujua ugonjwa wa treni yake vizuri kabisa, akakosa dawa kwa sababu benki haina fedha za kigeni.

Wapo wanaosema dawa ni kupandisha nauli. Kwangu huo ni uonevu. Yule mama wa vitunguu hakukopa dola. Nauli ya chini ndiyo heshima kubwa ya treni ile, na mji wowote unaoitaka lazima ukubali kutoa ruzuku kila mwaka, tena iandikwe kwenye bajeti kama mishahara ya walimu inavyoandikwa. Walioamua kuweka uzio mrefu kando ya reli bila vivuko vya kutosha wana lawama yao pia, maana waliukata mtaa vipande viwili, lakini hilo linarekebishika kwa zege na nia.

Miji mingine nayo inafundisha. Abuja, Nigeria, walifungua treni yao Julai 2018, ikasimama mwaka 2020, na haikurudi kubeba abiria hadi 2024. Casablanca, Morocco, walianza Desemba 2012 na njia moja. Leo wana njia nne za tramu, yaani treni nyepesi za mjini, mbili kati yake zilifunguliwa mwaka 2024. Watu wa Casablanca hawana chuma tofauti na chetu.

Ninaishi Dar es Salaam, na kila foleni ya jioni inaponikalisha Ubungo namsikia mtu akisema nasi tujengewe treni kama ya Addis. Namuunga mkono kwa moyo wote. Ninachoomba ni kwamba siku hiyo ikifika, kabla ya kutuonyesha mchoro wa vituo, tuonyeshwe kwanza karakana itajengwa wapi, mafundi wangapi watasomeshwa, na akaunti ya vipuri ya miaka kumi ina dola ngapi.