Kambi ya jeshi ikigeuzwa kampasi ya teknolojia, jirani anapata nini?

Kule California kuna uwanja wa ndege wa kijeshi unaitwa Moffett Field, uko baina ya Mountain View na Sunnyvale. Jeshi la majini lilihama 1994 likawaachia NASA, shirika la anga la Marekani, na Oktoba 2023 chuo kikuu cha Berkeley kikatangaza kwamba kitajenga hapo kampasi ya teknolojia ya anga, ekari 36, gharama kama dola bilioni 2. Sasa mtu wa Malindi habari kama hii haimpiti hivi hivi, manake sisi roketi tumeziona zikiruka Ngomeni, hapa karibu na Malindi, tangu miaka ya 1960, kwa hivyo swali la chuo na mitambo na ardhi si geni kwetu.

Wanaosifu mpango wa aina hii wana hoja nzito, tusijifanye. Kambi ikihama inaacha barabara, stima, maji, nyumba, ranwei, mahanga makubwa ya ndege, vitu ambavyo chuo kipya kingehangaika miaka kuvijenga. Arizona walifanya hivyo, kambi ya Williams ilifungwa 1993 na kufika 1996 Arizona State University washafungua kampasi mle ndani, siku hizi inaitwa Polytechnic. Ranwei imekua uwanja wa ndege wa raia na wanaosomea urubani wako hapo karibu yake. Kambi ikifungwa mwenye duka na mwenye nyumba ya kupangisha ndio wa kwanza kulia, kwa hivyo wanafunzi wakija ni riziki, nani ataikataa.

Lakini jeshi haliachi nyumba na barabara peke yake. Pale Moffett kemikali za kusafishia mitambo zilizama ardhini miaka mingi mpaka zikafika kwenye maji ya chini, na 1987 serikali ikaiweka kambi kwenye orodha ya sehemu zilizochafuka zaidi Marekani. Kuna hanga moja la miaka ya 1930, Hangar One, refu kupita mita 340 na kwenda juu kama mita 60, kuta zake zilikua na sumu za PCB, yaani kemikali za viwandani, na madini ya risasi, basi 2011 wakaanza kulivua mabati na likabaki mbavu tupu miaka, watu wanapita barabarani wanalitazama. Bili ya usafi wa namna hiyo haipo kwenye ile picha nzuri ya kampasi unayoonyeshwa siku ya uzinduzi.

Na ardhi yenyewe sasa. Wakazi wa maeneo yale walichanga pesa zao wakanunua kama ekari 1,000, halafu 1931 wakaiuzia serikali kwa dola 1, ndio wapate kambi na ajira. Wanajeshi wakaondoka, ardhi haikurudi kwa waliochanga. 2014 NASA ikakodisha sehemu kubwa kwa kampuni tanzu ya Google, miaka 60, dola bilioni 1.16. Hata hiyo kampasi ya Berkeley ukiusoma mpango vizuri utaona sehemu kubwa ni ofisi na maabara za makampuni, madarasa yapo ndio lakini usidhani ni madarasa matupu.

Hapo ndipo narudi kwetu, manake watu husema wakipata chuo badala ya jeshi basi wameokoka. Kituo cha kurushia roketi cha Ngomeni kiliendeshwa na chuo kikuu cha Roma mpaka 2004 ndio shirika la anga la Italia likachukua! Desemba 12, 1970, sikukuu yetu ya Jamhuri, ikarushwa pale setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru, na mwanasayansi aliyeiongoza, Riccardo Giacconi, akaja kupata tuzo ya Nobel 2002. Jina ni letu, pwani ni yetu, lakini niambie ni watoto wangapi wa wavuvi wa Ngomeni unaowajua waliotoka pale na shahada ya uhandisi. Roketi ya mwisho iliruka 1988 na nguzo za majukwaa bado zimesimama baharini.

Kwa hivyo mimi siungi mkono chuo kwa sababu tu ni chuo. Sikikatai pia, naona bado ni bora kuliko kambi kuachwa magofu au kumegwa kimya kimya na wenye nguvu, na huku pwani hilo la kumegwa tunalijua sana, usiniulize. Ila geti la kampasi ya teknolojia si lile la chuma, geti ni hisabati. Digrii inataka C+ ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, na ukiingia uhandisi wanataka fizikia juu yake, sasa kama shule za jirani hazina maabara basi wanafunzi watatoka Nairobi na jirani atawauzia chapati na kuwabeba boda.

Wenzetu wa Lamu na bandari yao ilibidi wavuvi waende mahakamani, na 2018 Mahakama Kuu hapa hapa Malindi ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya hasara waliyopata. Hayo yalikuja baada ya kazi kuanza, wakati walitakiwa kukaa mezani kabla. Mimi wakija na ramani ya kampasi nitataka kuona kwanza hatimiliki itakua ya nani baada ya lizi kuisha, nani analipia kupima maji ya visima, na nafasi ngapi za diploma na cheti zimeandikwa kwa watoto wa wadi hii, ziandikwe kwenye mkataba wenyewe, ile ya kuahidiwa kwenye baraza sitaki.