Mkweche Wangu Msiusingizie

Jamani, nimechoka kuambiwa nitupe kompyuta yangu. Memori yake GB 2, ndiyo. Herufi A imefutika kwenye kibodi, ndiyo. Lakini kila kitu kikiganda, lawama kwa mkweche! Anakuja kijana mjuaji, anaukodolea macho, anaguna, kisha anauliza: "Umezima ukawasha?" Hiyo nayo watu wanaisomea?

Mimi mwizi wangu namjua. Ni kile kiprogramu cha hali ya hewa kwenye kona ya skrini. Kazi yake kuchora kijua na namba 27. Basi! Asubuhi kimekula MB 60. Adhuhuri MB 300. Jioni kinagonga 900, na kijua ni kilekile, ambacho dirisha langu hunionyesha bure. Kila kikijisasisha kinaomba memori ya kuchorea kijua kipya, na ile ya kijua cha zamani hakiachii. Ni jirani wa kuazima sufuria: ya jana hajarudisha, leo huyo mlangoni anataka nyingine.

Memori ikijaa, mashine inaanza kuhamishia vitu kwenye diski. Hapo ndipo utakapokoma. Memori hujibu papo hapo. Diski ya kuzunguka inataka kama milisekunde 10, yaani polepole mara laki moja hivi. Unabofya folda, kimya. Kitaa cha diski kinawaka hakizimi. Unabofya tena, kimya. Unabofya kwa hasira. Unainuka kunywa maji, ukirudi mibofyo yote imefika kwa pamoja na folda ileile imefunguka mara sita.

"Ongeza memori." Haya, niongeze. Ila mfumo wangu ni wa biti 32, na anwani zake za memori zinaishia 4,294,967,296. Hiyo ni GB 4, mwisho wa reli. Na namba hiyo ina nuksi! Windows 95 na 98 zilihesabu milisekunde tangu kuwashwa, hesabu ikifika hapohapo, siku 49.7, mashine inaganda. Kosa lilikaa miaka bila kugundulika, na mimi sishangai: nani aliwahi kukaa na Windows 95 siku zote hizo bila kuganda kwa jambo jingine?

Mnacheka? Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani ilionya kwamba Boeing 787 ikikaa na umeme siku 248 mfululizo, vidhibiti vya jenereta zake vinaweza kujizima vyote kwa pamoja. Dawa ya haraka? Umeme wa ndege uzimwe, uwashwe. Ndege ya abiria hiyo! Lakini ndege haikuambiwa ni kuukuu.

Upande wa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nakubali, umri upo. Feni ilikuwa inanguruma hadi wageni wanapaza sauti. Nikaifungua: vumbi limeziba matundu, na ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka inabanduka magamba. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, nasi tunasema imezeeka. Nikapuliza, nikapaka dawa mpya, joto likashuka. Mjuaji akaangalia mzigo wa mfumo, akakuta 9, akapiga kelele prosesa imekufa. Prosesa ilikuwa imekaa haina kazi! Kwenye Linux, mfumo ninaoutumia, mzigo huo unahesabu hata programu zilizopanga foleni kusubiri diski. Na foleni kaianzisha nani? Kijua.

Juzi sasa nikawa najaza fomu kwenye kivinjari. Kurasa kumi na mbili, nimefika ya kumi na moja. Memori ikaisha kabisa, na ile sehemu ya diski ya kuhamishia vitu nayo ikajaa. Linux ikifika hapo huchagua programu ya kuua, na kwa kawaida humtazama mnene kuliko wote. Mnene alikuwa nani? Kivinjari changu, mchapakazi wa watu, kilichozidi kidogo tu. Pu! Fomu ikaenda na maji. Mwizi akabaki, tena amepata nafasi ya kujinyoosha.

Nimekodolea skrini tupu, kile kiprogramu kikafungua kidirisha: "Unaifurahia programu hii? Tupatie nyota 5."

Kidirisha peke yake MB 40.