Bosi wa Mafuta ya Kupima

Mwanaume ukisema unasomea shahada ya elimu ya awali, watu wa Mbagala watakusikiliza kwa heshima mpaka kwenye neno "shahada". Baada ya hapo ni kicheko. Fundi cherehani wa kona yetu aliwahi kuniuliza kama mtihani wa mwisho ni wa kupaka rangi bila kutoka nje ya mstari. Aliyenitetea ni mama mwenye nyumba wangu, na utetezi wenyewe ulikuwa huu: "Mwacheni, huenda utotoni hakusoma vizuri."

Mimi darasa la awali sikulitafuta. Nilikuwa nafundisha zangu hesabu darasa la sita, mwalimu wa awali akaenda likizo ya uzazi, mwalimu mkuu akaniambia nimshikie kwa muda. Muda huo haujaisha hadi leo. Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya: sera ya elimu ya 2014 ilishasema elimu ya awali ni lazima, 2016 ada ikafutwa, wazazi wakaleta watoto kwa mafungu. Mwongozo unasema mwalimu mmoja, watoto 25. Mimi nilipofungua mlango siku ya kwanza nilikuta mia na ushee, na mmoja kalala ndani ya kabati la chaki. Nikaona hapa bila elimu ya ziada nitazeeka kabla ya pensheni. Nikajiunga na chuo kinachofundisha kwa mtandao. Jina lake nalihifadhi, maana bado nadaiwa ada.

Vipindi vyetu ni Ijumaa saa moja na nusu usiku, kwa kuwa karibu wote ni walimu wa kazini. Mtandao chumbani kwangu unapatikana dirishani tu, tena dirisha linalotazama choo, kwa hiyo nadharia zote za makuzi ya mtoto nimezisoma huku watu wakipita na ndoo na kunisalimia.

Muhula ule tulikuwa kwa Piaget. Huyu ni Mswisi, kazaliwa 1896, na wengi hawajui kwamba alianza na konokono. Kweli kabisa, udaktari wake aliupata kwa konokono. Baadaye akahamia kwa watoto, na aliowachunguza kwa karibu kuliko wote ni watatu aliowazaa mwenyewe, Jacqueline, Lucienne na Laurent, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuhangaika na fomu ya ridhaa ya mzazi. Sisi tuliagizwa fomu. Kila mwanafunzi amtafute mtoto wa miaka mitano, amfanyie lile zoezi la Piaget la bilauri, mubashara, mhadhiri na darasa zima wakitazama.

Zoezi lenyewe halina makuu. Unaweka bilauri mbili zinazofanana, unatia kinywaji sawasawa, mtoto akubali kwamba ziko sawa. Kisha unaichukua moja, unaimimina yote kwenye bilauri nyembamba na ndefu, yeye akiona. Unamuuliza: sasa ipi ina nyingi? Kwa mujibu wa Piaget, mtoto wa umri huo ataonyesha ile ndefu, kwa sababu kinywaji kimepanda juu. Mpaka afike miaka saba hivi ndipo anang'amua kwamba hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Na ni jambo la maana kwa mwalimu, msicheke. Mtoto anayeamini kiasi kinabadilika kwa kubadili chombo, ukimkazania kujumlisha na kutoa mnachoshana bure.

Mtoto niliyempata ni Bosi. Jina lake la kwenye kadi ya kliniki lipo, ila mtaa mzima unamwita Bosi. Bibi yake, Bibi Mafuta, anauza mafuta ya kula ya kupima pale kona, na mshika hela ni mjukuu. Chenji hakupi mpaka uidai. Bibi Mafuta aliweka dole gumba kwenye fomu yangu bila maswali, akaipuliza ikauke, ndipo akauliza:

"Haya mwanangu, na mkopo wenyewe unatoka lini?"

"Bibi, hii si ya mkopo. Ni ya masomo yangu."

"Sawa baba. Ila ukitoka, nikumbuke."

Bilauri niliazima kwa mama mwenye nyumba, zile za ukingo wa dhahabu ambazo mara ya mwisho kutoka kabatini walikuwa wamekuja wakwe zake. Ile ndefu ni masalia ya harusi ya mdogo wake. Kwa kuwa maji hayaonekani vizuri kwenye kamera, nilichemsha rozela ikawa nyekundu ya kutosha. Ukuta wangu ni tofali tupu, nikaufunika kwa shuka jeupe. Sauti ya simu yangu ilikufa siku ilipotumbukia kwenye ndoo, kwa hiyo nilimwomba kinyozi spika yake, ile anayoiweka nje ya kibanda wateja wakiwa haba. Nilitoka kuswali Magharibi mbio mbio, kanzu sikupata muda wa kuivua. Na saa moja na nusu kasoro, umeme ukakatika. Nikawasha mishumaa miwili, mmoja kulia mmoja kushoto, ili mhadhiri aone pande zote.

Bosi akaingia na kandambili za bibi yake.

"Shikamoo anko Mwalimu."

"Marahaba Bosi. Kaa hapo, usiogope."

"Naogopa nini?" akaniuliza.

Nikatia rozela kwenye bilauri mbili. Nikamuuliza kama ziko sawa. Watoto wa wenzangu waliotangulia walitikisa kichwa tu, kazi ikaendelea. Bosi aliinama mpaka kidevu kikagusa meza, akafumba jicho moja, akasema, "Hii imezidi."

Nikapunguza.

"Sasa hii nyingine imezidi."

Nikaongeza kwa kijiko. Akakataa. Nikaongeza tone. Akaniambia nisubiri povu lishuke kwanza, povu si mali. Nyuma yangu namsikia mhadhiri kwenye spika, "Mwalimu, muda," na mimi jasho linanitoka ndani ya kanzu, kwa sababu mtoto asipokubali kwamba ziko sawa, zoezi haliwezi kuanza. Hatimaye akainua kichwa. "Haya. Hapo hata mteja mkorofi anaondoka."

Ndipo nikamimina kwenye ile ndefu, taratibu, kama mhadhiri alivyokuwa akielekeza. Rozela ikapanda hadi karibu na mdomo.

"Bosi, sasa ipi ina juisi nyingi?"

Akanitazama kwa huruma. "Anko, si ni ile ile? Umeimimina tu."

"Muulize kwa nini," spika ikasema.

Bosi hakusubiri nimuulize. Aliichukua bilauri niliyotoka kuimimina, akaigeuza juu ya kiganja chake, akangoja matone yashuke, akayalamba. "Ila kweli imepungua kidogo. Nyingine imebaki humu. Ukimimina hivi kila siku, hasara."

Kwenye simu naona wenzangu wanatuma vikatuni vya kucheka. Mmoja wa Singida akaandika, "Huyo ndiye atusahihishie mitihani."

Hayo yalikuwa ya ndani. Ya nje nilikuja kuyasikia baadaye. Mama Mapacha alikuwa uwani anaanua nguo, akaona mwanga unacheza dirishani kwangu. Akachungulia. Sasa jiweke macho yake: umeme hamna, shuka jeupe ukutani, mishumaa miwili, mtu kavaa kanzu, mbele yake mtoto mdogo, na kitu chekundu kinahamishwa kutoka chombo hadi chombo. Halafu sauti ya mwanamke asiyeonekana inaamuru: "Mimina polepole. Mtoto asiambiwe lolote. Aangalie mwenyewe." Na mtoto analamba kiganja.

Mama Mapacha hakupiga kelele. Aliziacha nguo kambani na kwenda moja kwa moja kwa Mjumbe.

Mlango wangu ukagongwa kwa tochi. "Mwalimu! Fungua! Mtaa umekuja!"

Kweli ulikuja. Mzee Mjumbe mbele, mama mwenye nyumba nyuma yake, Mama Mapacha, kinyozi, fundi cherehani na futi yake shingoni, na watu wengine ambao sijawahi kuwaona hadi leo. Nyuma kabisa nasikia mtu anasema, "Si nilisema? Mwanaume mzima kusomea chekechea! Ni Frimasoni huyo!" Mama mwenye nyumba macho yake hayakuwa kwa mtoto, yalikuwa kwenye bilauri. "Zangu zile," akasema kwa uchungu. "Za wakwe."

"Mwalimu," Mjumbe akaanza, "hiyo ni nini kwenye hizo bilauri?"

"Rozela, mzee."

"Na aliyekuwa anasema ni nani?"

"Mwalimu wangu."

"Yuko wapi?"

Kabla sijajibu, spika ikasema, "Habari za jioni, wazee wangu. Karibuni."

Mtaa ukarudi nyuma hatua tatu. Jamaa wa Frimasoni alitoka mbio na ndala zangu, na sijamwona tena, wala yeye wala ndala.

Mhadhiri, Mungu ampe maisha marefu, hakukasirika. Akajitambulisha, akaeleza zoezi, na nikageuza simu wakamwona na miwani yake. Mjumbe akatulia. Kisha, kwa kuwa ni mtu anayependa kuwa na neno la mwisho, akauliza, "Sasa huyo mtoto amejibuje?"

"Kasema ziko sawa."

Mjumbe akazisogeza bilauri, akazimulika kwa tochi. "Amekosea. Hii ndefu ina nyingi."

"Babu, ni ile ile," Bosi akasema.

"Wewe mtoto! Hii si inaonekana imefika huku?"

Fundi cherehani akasimama na Bosi, maana yeye anajua kitambaa cha mita moja ni mita moja hata ukikikunja. Kinyozi akasimama na Mjumbe, akatoa hoja kwamba hotelini ya kwenye glasi ndefu huuzwa ghali, hawawezi kuwa wajinga wote. Nyumba ikagawanyika. Spika inasema, "Jamani, kamera, sogeeni kwenye kamera," hakuna anayesikia. Wenzangu wa darasani wameacha kucheka, sasa wanapiga kura.

Ni hapo Bibi Mafuta alipoingia. Alikuwa amechelewa kwa sababu alifunga meza kwanza, na mkononi alishika kipimo chake cha bati. "Mnabishana nini wakati kipimo kipo?" Akaimimina rozela ya bilauri ya kwanza kwenye kipimo, ikajaa pomoni na kumwagikia meza. Akaimwaga, akaitia ya ile ndefu, nayo ikajaa na kumwagika. "Sawa sawa," akatangaza. "Mjukuu wangu kashinda."

Mama Mapacha akakiangalia kipimo, akaiangalia meza iliyolowa. "Bibi, hebu," akasema. "Bilauri zenyewe hazikujaa, na hicho wanasema ni robo lita. Mbona kinajaa haraka hivyo?"

Kikapita mkono kwa mkono. Mjumbe akakigeuza, akakimulika kitako. Kilikuwa kimebonyea kwa ndani, tena ubonyeo wa duara zuri, wa kazi ya mikono.

"Kilianguka," Bibi Mafuta akasema.

"Hapana bibi," Bosi akamkumbusha kwa upole, "kisichoanguka ni kile kingine. Kile tunachokitoa watu wa vipimo wakija."

Nilichoweza kusikia baada ya hapo ni jina la Mungu likitajwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Mama Mapacha akaanza kupiga hesabu ya mafuta yote aliyonunua tangu mapacha wazaliwe, fundi cherehani akamkopesha chaki aandike ukutani kwangu. Mimi nilisahaulika kabisa. Na katika kilele hicho, mhadhiri akiwa anasema, "Mwalimu, geuza kamera upande wa bibi," chaji ikaisha.

Kwenye kundi la WhatsApp la darasa nilikuta jumbe zisizohesabika, zote zinauliza swali moja: bibi kawarudishia? Jibu ni ndiyo na hapana. Kwa wiki ile kila mteja alipata nyongeza ya kijiko, na kipimo kipya kikanunuliwa. Bosi alihamishiwa upande wa kuuza nyanya.

Matokeo ya zoezi yalitoka. Mhadhiri aliandika kwamba si ajabu, kwani 1969 kulichapishwa utafiti kutoka Mexico ulioonyesha watoto wa wafinyanzi wakiliweza zoezi kama hili la udongo kuliko wenzao, kwa kuwa udongo wanaushika tangu wadogo. Akanipa alama nzuri za maelezo. Chini akaongeza: "Rudia. Mtoto mwingine, asitoke kwenye familia ya wafanyabiashara."

Asitoke kwenye familia ya wafanyabiashara, Mbagala! Mama wa huyu anauza uji kwa kikombe, wa yule anapima maziwa, wa tatu anafunga ubuyu kwenye vifuko na mtoto ndiye anayevilinganisha. Nimezunguka mtaa mzima na bilauri zangu za plastiki, za dhahabu nimenyang'anywa. Aliyejibu sawasawa na Piaget alivyoandika, bila kusita, na anayerudia jibu lile lile kila nikimpitia, ni Mzee Mjumbe. Tatizo ni umri tu, na yeye mwenyewe ameshaanza kuniuliza fomu yake ya kuweka dole iko wapi, na kama na yeye itabidi amlete mzazi.