Monita Nzima Zinauzwa kwa Kilo

Nyuma ya maabara ya kompyuta ya shule moja huku Eastlands, chini ya kipande cha bati, kuna monita zimerundikwa zikisubiri mtu wa vyuma chakavu aje na mkokoteni wake. Ni zile monita bapa za inchi 17 na 19 ambazo tumezitumia kwenye saiba na maofisini miaka nenda miaka rudi. Shule ilipata kompyuta mpya, kompyuta hizo hazina lile tundu la buluu la VGA, na mtu fulani akaamua kwamba skrini zote za zamani hazina kazi tena. Niliomba waya wa umeme nikachomeka moja. Taa ikawaka, kioo kikang'aa, kikaandika kwamba hakuna kebo iliyounganishwa.

"Kumbe hii ni nzima?" mwalimu akaniuliza.

"Ni nzima, mwalimu. Huenda nyingi hapa ni nzima."

"Sisi tuliambiwa zimepitwa na wakati."

Ndani ya maabara wanafunzi wanabanana watatu watatu mbele ya skrini moja, maana pesa za monita mpya ziliisha kabla meza hazijajaa. Kilichokosekana ni adapta ya kuunganisha kompyuta mpya na skrini ya zamani, shilingi mia kadhaa kwa kila mashine. Jambo hili limeniuma, na linaniuma zaidi kwa kuwa najua shule hiyo haiko peke yake. Nenda maofisini, nenda makanisani, nenda kwenye vyuo vidogo vya orofa ya tatu pale mjini. Utakuta stoo yenye skrini nzima na bajeti inayolilia skrini.

VGA ililetwa na IBM mwaka 1987. Desemba 2010, Intel na AMD pamoja na kina Dell, Lenovo, Samsung na LG walitangaza kwamba wataiacha, na mwaka 2015 ukatajwa kuwa ndio mwisho wake. Walikuwa na sababu zao na sizipingi: tundu lile ni nene mno kwa laptopu nyembamba, na ishara yake ya analogi, ya umeme unaopanda na kushuka, ilishashindwa na ya dijitali, ya tarakimu, kwa usafi wa picha. Lakini tangazo hilo lilihusu kompyuta zitakazotoka kiwandani. Kioo kilichokuwa kikiwaka siku moja kabla ya tangazo kiliendelea kuwaka siku ya pili.

Na sisi Nairobi tunaishi kwa vitu vilivyokwisha tumika kwingine. Monita za ex-UK zimejaa Luthuli na Moi Avenue, na ndizo zimefundisha nusu ya mji huu kuchapa barua. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu atupe monita, igeuze kwanza uangalie mgongo wake. Nyingi za zile zilizotoka maofisini Ulaya zina tundu jingine la picha, DVI, kando ya VGA. DVI na HDMI, lile tundu la picha la kompyuta za sasa, zinatumia ishara ya picha ya aina moja, zote za dijitali, hivyo adapta yake haina kazi kubwa: inapanga tu pini zikutane. Hata ya bei ya chini kabisa hufanya kazi, na herufi zinatoka kali kuliko kupitia VGA. Nimeona watu wakinunua kigeuzi cha VGA huku tundu la DVI liko pale pale, bado limezibwa na kile kifuniko cha plastiki cha kiwandani ambacho hakuna aliyewahi kukiondoa.

Sasa nije kwa wauzaji, kwa maana hapa ndipo roho yangu inachemka.

Mtu anaingia dukani anasema, "Nataka ya kuunganisha HDMI na VGA." Muuzaji ananyoosha mkono ukutani, anatoa pakiti, "Hii hapa, bosi wangu, hii inaingia kila mahali." Hakuna swali lililoulizwa. Na swali liko moja ambalo lazima liulizwe: picha inatoka wapi inaenda wapi? Adapta ya kutoa picha kwenye kompyuta yenye HDMI kuipeleka kwenye monita ya VGA ni kifaa kimoja. Ya kutoa picha kwenye kompyuta ya zamani yenye VGA kuipeleka kwenye televisheni ya HDMI ni kifaa kingine kabisa. Ya kwanza inageuza dijitali kuwa analogi; ya pili inageuza analogi kuwa dijitali, na kwa kawaida huwa na waya wa USB wa kuipa umeme. Ukichukua ya pili ukitaka kazi ya ya kwanza, hata ukiizungusha vipi haitakuonyesha kitu. Kwenye pakiti zote mbili pameandikwa maneno yale yale mawili, HDMI na VGA, na mshale mdogo ambao mara nyingi umefunikwa na kibandiko cha bei.

Kisha kuna ile kebo ndefu yenye kichwa cha HDMI upande huu na kichwa cha VGA upande ule, bila kisanduku chochote katikati. Fundi mmoja wa Luthuli aliniitia kaunta yake akanionyesha. Alishika moja iliyorudishwa na mteja, akapasua plastiki ya kichwa cha VGA kwa wembe polepole, akaifunua kama ganda la njugu. Ndani kulikuwa na nyaya nyembamba zimechomelewa moja kwa moja kwenye pini. Hakuna chipu. Akafanya vivyo hivyo kwa adapta ndogo nzima aliyokuwa nayo: hapo kuna kibao cha kijani chenye ukubwa wa ukucha, juu yake chipu nyeusi, na vijipande vidogo vinavyoizunguka. Chipu hiyo ndiyo inayofanya kazi yote ya kugeuza. Kompyuta inayotoa HDMI haina analogi ndani ya ile kebo, kwa hiyo waya mtupu hauwezi kuizalisha hata uwe wa shaba safi namna gani. Kebo ile haikuharibika, maana haikuwa na uwezo wa kufanya kazi tangu ilipotoka kiwandani.

Na hasara yake haiishii kwenye bei ya kebo. Mteja anarudi nyumbani, anachomeka, kioo kinabaki cheusi. Anawaza nini? Anawaza monita imekufa. Anawaza kompyuta mpya ina kasoro. Ni wachache watakaoishuku kebo, kwa sababu kebo imetoka dukani leo na imefungwa kwenye pakiti mpya. Hivyo ndivyo monita nzima inavyohukumiwa. Naamini kabisa kwamba skrini nyingi zinazouzwa kwa kilo mjini humu zilihukumiwa na kebo ya aina hiyo, na anayeiuza huku akijua anamwibia mama wa saiba, mwalimu na mwanafunzi wa chuo, watu ambao shilingi elfu moja kwao ina mpango tayari.

Hata adapta yenye chipu inahitaji umeme, nao inauchukua kwenye HDMI yenyewe: volti 5 kupitia pini ya 18, na mkondo ambao kompyuta inalazimika kutoa ni mdogo, miliampea 55. Ndiyo maana picha nyingine huwaka na kuzima. Chukua ile yenye tundu la USB pembeni, uipe umeme wa ziada, na mara nyingi itatulia. Sauti ni suala jingine: VGA haibebi sauti, kwa hiyo vijana wa mitambo kanisani wanaotegemea projekta ya zamani watafute adapta yenye tundu la spika.

Kuhusu USB-C, lile tundu dogo la laptopu na simu mpya, nitasema jambo moja. Umbo la tundu halikuambii kama linatoa picha. Laptopu nyingi za bei nafuu zina USB-C ya data na kuchaji tu, na adapta ya bei yoyote haitabadilisha hilo. Tafuta alama ya DisplayPort (herufi D na P) au ya Thunderbolt (kimshale cha radi) kando ya tundu, au soma maelezo ya modeli yako kabla ya kutoa pesa. Wenye MacBook Air ya M1 nao wajue kwamba mashine hiyo inaendesha skrini moja tu ya nje, hata ununue adapta mbili za kawaida.

Picha ikitokea imevutwa, nyuso zimerefuka, shuku kebo ya VGA. Monita huiambia kompyuta vipimo vyake kupitia pini ya 12 na ya 15, na baadhi ya kebo za bei rahisi hukatwa pini hizo. Kompyuta isipopata habari inakisia, na monita ya 1280 kwa 1024 inaishia kubanwa ionyeshe umbo lisilo lake.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba si kila skrini inafaa kuokolewa. Yale masanduku mazito ya kioo cha mgongo mrefu yamalizie safari. Yanakula umeme na kioo chake kina madini ya risasi. Mchora ramani au mhariri wa picha atafute monita mpya. Na filamu za kulipia mtandaoni zinaweza kukataa kucheza kupitia VGA, kwa kuwa HDCP, ule ulinzi wa kuzuia kunakili filamu, haupiti kwenye analogi. Ila mtoto anayejifunza kuchapa, karani anayejaza fomu za serikali kwenye eCitizen, mhasibu wa chama mwenye jedwali lake, hao inchi 19 za zamani zinawatosha kabisa.

Wanaosema "si zitaenda kuchakatwa" niwaombe waangalie hesabu. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa inavyopaswa hazikufika hata robo. Nyingi ya monita bapa za kizazi kile zina mirija myembamba ya taa nyuma ya kioo, na ndani yake kuna zebaki. Mtu wa mkokoteni anataka shaba na alumini; mirija ataivunja kwa nyundo, na anayepumua pale ni yeye na watoto walio karibu naye. Tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na kwa skrini zilizokufa kweli mji una WEEE Centre, kituo cha kuchakata taka za kielektroniki. Skrini nzima haina haja ya kufika huko mwaka huu.

Wanunuzi wa mashule na maofisi, ninyi mna kalamu. Kabla ya kuagiza kompyuta, mtu mmoja azunguke chumba na karatasi aandike kila monita ina matundu gani. Halafu adapta iingie kwenye oda ile ile ya kompyuta, ikiwa na mstari wake na bei yake, imeandikwa inatoka tundu gani kwenda tundu gani. Na isipokelewe kabla haijachomekwa kwenye mojawapo ya monita hizo na picha ikaonekana. Wauzaji wachache pale mjini tayari wana monita kuukuu juu ya kaunta kwa kazi hiyo, mteja anajaribu kabla ya kulipa. Duka likikukatalia kujaribu, rudisha pakiti ukutani uende duka la pili.