Utamu wa kuwinda uko kwenye risasi au kwenye nyayo?

Nilibishana na rafiki yangu mmoja kuhusu uwindaji. Msimamo wake ni kwamba mtu yeyote anayewinda wakati nyumbani kuna chakula anafurahia kuua, basi, na hayo mengine ya kupenda pori na utulivu ni maneno ya kujitakasa. Nilimkatalia palepale, ila nilivyokaa nikatafakari nikaona nimemjibu kwa hasira na hoja yake ni nzito kuliko nilivyoichukulia, kwahiyo wacha niiweke hapa tuipime vizuri.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Baba mdogo alikuwa na gobori lake la halali na leseni yake, kijijini kwetu Manyoni, na mimi nilianza kumfuata porini nikiwa darasa la tano, kazi yangu kubeba dumu la maji na kufunga mdomo. Mtu anayefikiri kuwinda ni kupiga bunduki hajawahi kwenda, bana, kuwinda ni kutembea. Mnatoka alfajiri umande bado uko kwenye majani, mnatembea mpaka jua linakuwa kali, na muda wote huo yule mzee ameinama anasoma chini. Anagusa ukingo wa kwato kwa kidole, anakuambia huyu ni wa jana, ona mchwa wameshapita juu yake, huyu hapa ni wa asubuhi hii maana mavi bado yana unyevu, na huyu ana mtoto anamfuata nyuma, tuachane naye. Mimi naona vumbi tu. Ilichukua kama miaka miwili hivi mpaka siku moja nikaona mwenyewe bila kuonyeshwa kwamba swala alikuwa anatembea, akashtuka, akachepuka kushoto kwa mbio, kwato zimetanuka na mchanga umerushwa nyuma, na nilivyomwonyesha baba mdogo akatikisa kichwa tu kukubali. Nilijisikia kama siku ile nilipojua kusoma. Yule swala hatukumpata kabisa, lakini siku ile naikumbuka kuliko siku nyingi tulizorudi na nyama.

Sasa usije ukasema hiyo ni stori ya familia moja. Angalia Wahadza wa kule Ziwa Eyasi, Yaeda Chini na Mang'ola, watu ambao jumla yao ni elfu moja na kidogo na ni sehemu tu kati yao ndo bado wanaishi kwa kuwinda na kuokota. Watafiti waliokaa nao miaka ya 1980 walihesabu siku za wanaume porini wakakuta kwa wanyama wakubwa mtu akienda siku 100 anarudi na mnyama kama siku 3 tu, zile 97 zote anarudi mikono mitupu. Niambie kazi gani nyingine mtu anakosa mara 97 kwa 100 halafu kesho yake anaamka, anachukua upinde, anaenda tena na hamu yake iko palepale. Na chakula kingine kipo, kuna mizizi na matunda na ubuyu wanaoleta wanawake, ambavyo siku nyingi ndo vinashibisha kambi, halafu kuna asali ambayo wenyewe wakiulizwa wanasema wanaipenda kuliko nyama. Kwahiyo njaa peke yake haielezi kwanini anaenda. Mali nayo haielezi, maana mnyama mkubwa akianguka sio wa aliyempiga, nyama inagawiwa kambi nzima na kuna sehemu fulani, wanaziita epeme, ambazo ni za wanaume waliokwisha kukubaliwa kama watu wazima peke yao. Mwindaji anabaki na jina lake tu, kwamba fulani ndo alileta.

Hapo ndo napata jibu langu. Nikimuuliza mwindaji yeyote wa kwetu anapenda nini zaidi, hata kama hatasema kwa maneno haya, atazungukia vitu viwili, kulisoma pori na kurudi na kitu cha kugawa. Hicho cha pili watu wa mjini hawakielewi kabisa. Ini linachomwa hukohuko porini, hilo ni la waliotembea, lakini mkishafika kijijini nyama inaanza kusambaa, paja linaenda kwa bibi, kichwa kwa mzee wa jirani, na yule mama aliyefiwa na mume anapelekewa bila kuomba, na jioni watoto wote wamekaa wanasikiliza ilikuwaje tangu mwanzo. Baba mdogo alikuwa fundi baiskeli siku zote na hakuna mtu alimsalimia kwa namna ya pekee kwa kuziba pancha, lakini siku ya nyama anapita njiani watu wanainuka. Mtu asiniambie hiyo ni tamaa ya damu.

Lakini rafiki yangu alikuwa na swali moja ambalo lilinikaba, akasema kama utamu wenyewe ni nyayo na alfajiri na subira, chukua kamera. Utafuata nyayo zilezile, utainama, utanyamaza, upepo utakusaliti vilevile, na mnyama ataenda zake kwa watoto wake. Nimelizungusha hilo swali kichwani siku nyingi na sitaki kulikwepa. Kweli kamera inakupa sehemu kubwa sana ya kile nilichokipenda, pengine zaidi ya nusu. Nyama haikupi, sawa, ila kuna kingine zaidi ya nyama. Gobori unalijaza kwa mdomo, baruti, kitambaa, gololi, unashindilia, una mlio mmoja tu na ukikosa mnyama keshafika mbali, au kama ni mbogo keshafika kwako. Ukijua hivyo unatembea tofauti, masikio yanafunguka, hata kikwaju kikidondoka unakisikia. Na mnyama akishalala baba mdogo alikuwa anamwekea mkono shingoni, anakaa kimya kidogo, ndo anatoa kisu. Hakuwahi kushangilia, na mimi niliposhangilia mara ya kwanza alinikemea vibaya.

Kwahiyo nikubali tu, rafiki yangu ana haki upande huo. Kifo ndo kinachoipa safari yote uzito, ukikiondoa inabaki matembezi mazuri lakini sio kuwinda. Ninachokataa ni kwamba mtu anayekubali huo uzito ni sawa na mtu anayefurahia mnyama kuanguka. Hao ni watu wawili tofauti, na ukitaka kuwajua usiwasikilize, wahesabie. Rais mstaafu wa Marekani Theodore Roosevelt alikuja huku 1909 na mwanawe Kermit, wakazunguka Kenya ya leo mpaka Uganda na kushuka Nile hadi 1910, na wao wawili waliua wanyama 512. Wengi walikuwa kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian huko Marekani, na hilo ni kweli, sayansi ilifaidika. Ila 512! Huwezi kumwekea mkono shingoni mnyama wa 300 ukakaa kimya. Mahali fulani katikati ya hesabu hiyo mkono unaendelea wenyewe.

Na huu uwindaji wa kitalii tulionao sasa, ambao msimu wake unaanza Julai, una tatizo la namna yake. Mgeni anakata leseni ya siku 21, analipa makumi ya maelfu ya dola, anaingia kwenye kitalu, yaani eneo lililotengwa kwa uwindaji, akiwa na mwindaji bingwa, na mbele yao anatembea kijana wa Kitanzania ambaye ndo anasoma nyayo. Yaani ile sehemu tamu kuliko zote, kuona mchwa wamepita juu ya kwato, inafanywa na mfanyakazi, na aliyelipa anakuja kupiga. Sisemi wote wako hivyo, wapo wageni wanaotembea na kujifunza na wengine wanaotoka na mnyama mmoja mzee baada ya wiki tatu za jasho na wanaridhika kabisa, na sheria yetu inakataza kupiga ukiwa ndani ya gari, inataka simba awe amekomaa na tembo awe na pembe za uzito unaostahili. Lakini nyara inapimwa kwa futi na kuandikwa kwenye vitabu vya rekodi, na ukishaanza kupima hivyo unamtafuta mnyama yule mkubwa kuliko wote. Ndicho kilichowaumiza watu tangu Septemba 2023, tembo dume wa hifadhi ya Amboseli, Kenya, wenye pembe ndefu za kugusa ardhi walipovuka mpaka kuja upande wetu, Enduimet, Longido, wakapigwa huko. Kisheria upande wetu ilikuwa ruhusa. Ila tembo wa namna ile wanahesabika, wamezoea magari ya watalii, hawamkimbii mtu, sasa ukimpiga tembo anayekuangalia kwa utulivu umesoma nyayo gani hapo? Mimi kwa hilo niko na rafiki yangu moja kwa moja.

Watetezi wanasema pesa, kwamba bila huyo mgeni vitalu vitageuka mashamba na machungio. Hiyo hoja sio ya kupuuza. Kenya walipiga marufuku uwindaji 1977 na wengi tunawasifu, lakini utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha wanyama wakubwa wa maeneo ya wafugaji Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka huohuo wa marufuku. Mtu mwenye shamba asiyepata chochote kwa twiga atamvumilia kwa muda gani? Halafu geuza upande wa pili, Selous, lile pori kubwa la kusini mwa Tanzania, ilikuwa pori la vitalu kwa miongo, uwindaji wa kitalii ukiingiza dola, na tembo wa mfumo wake walitoka zaidi ya 109,000 mwaka 1976 wakafika kama 13,000 mwaka 2013 kwa ujangili. Marufuku haikuwaokoa wa Kenya na vitalu havikuwaokoa wa kwetu. Kwahiyo mtu anayekuja na jibu moja la haraka, awe wa huku au wa kule, simwamini tena.

Kinachoniuma mimi ni kwingine. Kuna watu walikuwa na hii elimu ya nyayo kuliko wote na ndo wa kwanza kuitwa majangili. Waata wa maeneo ya Tsavo, Kenya, wengine wanawaita Waliangulu, walikuwa wanamwangusha tembo kwa mshale wa sumu, kwa upinde mzito ambao wageni wengi walishindwa hata kuuvuta. Tsavo ikafanywa hifadhi 1948, na miaka ya 1956 na 1957 ikaja operesheni kubwa wakakamatwa mmoja baada ya mwingine wakafungwa, wakati hukohuko Kenya mwenye pesa na leseni aliendelea kupiga tembo mpaka uwindaji wa tembo ulipopigwa marufuku 1973, miaka minne kabla ya ule mwingine. Tendo ni lilelile, mmoja anaitwa mwanamichezo na mwingine mwizi. Siwezi kuusifu utamu wa kuwinda nikasahau kwamba tuliupokonya kwa waliouelewa zaidi.

Ila na hapa lazima niseme ukweli hata kama unaniuma. Tanzania sensa ya 2022 imehesabu watu milioni 61 na laki 7, hatuwezi wote kuingia porini kwa kitoweo, tungemaliza kila kitu kwa msimu mmoja. Na vijana wengi wanaoingia leo hawana gobori wala upinde, wana nyaya. Waya wa kitanzi hausomi nyayo, haujui huyu ana mtoto, unakamata nyumbu, unakamata fisi, unakamata hata simba, na mwenyewe anaweza asirudi kuangalia kwa siku tatu mnyama anakata mguu wake pale. Nimewahi kukuta digidigi kwenye waya ameshaoza, hakuna aliyekula, hakuna aliyefurahi. Mwenye waya ukimtetea kwa jina la mila unaitukana mila.

Kwahiyo ningeulizwa nini kifanyike, ningesema uwindaji wa wenyeji uchukuliwe kwa uzito uleule wa vitalu. Leseni ipatikane kwa afisa wanyamapori wa wilaya bila mtu kuzungushwa wiki nzima, idadi iwe ndogo na ifuatwe kwelikweli, nyaya zisakwe na tembo wa mipakani waachwe. Bucha za nyamapori ziliruhusiwa kwa kanuni za 2020 na ni jambo jema kwa mtu anayetaka kula swala kihalali, lakini bucha inakupa nyama tu, haikupi ile asubuhi, na wala haikupi nafasi ya kumpelekea mjane paja bila yeye kuomba.

Baba mdogo alilirudisha gobori serikalini, macho yamepungua. Mwezi wa nane nilimtembelea, tukaenda wote kisimani, njiani akasimama ghafla akaniuliza huyu ni nani kapita hapa. Nikainama nikaangalia muda mrefu, nikamwambia funo, dume, asubuhi hii. Akasema ni jike, lina mimba, ona uzito wa miguu ya nyuma. Tukasimama pale tunabishana mpaka maji yakachelewa nyumbani.