Mzee kanuna kisa meli, sisi tunasubiri gawio

Tarehe moja tena, na mzee ninayefanya naye kazi hapa Incheon kanuna tangu asubuhi. Mauzo ya nje ya Korea yamepanda, ila siyo kama walivyotegemea wachambuzi, hisa zake za Samsung zikaanza siku kwa kushuka, basi hata salamu hakuna. Yaani mtu mzima ananunia meli!

Huku hawasubiri hata mwezi uishe, forodha yao inatoa namba za siku 10 za kwanza, halafu za siku 20, alafu tarehe moja wizara ya biashara inatoa za mwezi mzima. Na hawadanganyiki na ziada, yaani kuuza nje kuliko wanavyoagiza. Juni 2023 walipata ziada ya kwanza baada ya zaidi ya mwaka, mi nikampongeza mzee, akanicheka, angalia vizuri kijana, mauzo yameshuka asilimia 6, ni vile tu tuliyoagiza nje yameshuka zaidi. Ziada ya kufunga mkanda hiyo.

Najua mshaanza, "kapanda ndege juzi leo anatufundisha uchumi." Mi wa Temeke jamani, mjomba wangu ana duka la viatu Kariakoo na sijawahi kumzidi kwa hesabu. Mwisho wa 2024 korosho, dhahabu na watalii vilipoileta dola mjini, shilingi ikapanda, mjomba alikuwa ashanunua dola za kulipia mzigo kabla wasomi hawajaandika chochote. Kwa hiyo msiniambie nawadharau.

Na ripoti ya Benki Kuu yetu (BoT) ya kila mwezi, yenye namba za mauzo yetu ya nje, naijua, naisoma. Swali langu, nani amewahi kukimbilia kwa dalali wake wa soko la hisa la Dar (DSE) kwa sababu ya ile ripoti? Dhahabu ipae isipae, kwenye magrupu ya hisa mnaulizana benki ya CRDB wametoa gawio, ule mgao wa faida kwa wenye hisa, shilingi ngapi na NMB lini. Siwalaumu, gawio tamu, na mi nalisubiri. Ila dhahabu ndo bidhaa inayotuingizia dola kuliko zote jamani!

Mchana mzee akapoa, akaniuliza kwenu mnauza nini nje. Nikasema dhahabu, tena kwa kifua mbele, nikamtajia mgodi wa Geita, wa kampuni ya AngloGold Ashanti. Akatoa simu, hisa za kampuni hiyo nanunua soko gani la kwenu?

Nikamwelekeza New York.