Kabla ya kumwambia mzee apunguze kula

Baba yangu alipotimiza miaka 68 alisikia kwamba anayekula kidogo huzeeka polepole, akaanza kujinyima. Miezi minane baadaye suruali zilimpwaya, naye akafurahi. Lakini mimi niliona jingine: kila alipotaka kusimama, ilibidi aegemee mkono wa kiti. Ndipo nikaanza kusoma kilichomo hasa katika utafiti wa kupunguza chakula ili kuchelewesha uzee.

Chimbuko lake ni la kweli. Mwaka 1935, Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba panya waliopunguziwa kalori, ila wakapewa vitamini na madini ya kutosha, waliishi muda mrefu zaidi. Kwa kima aina ya rhesus majibu yaligongana: watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliona faida ya umri, wale wa Taasisi ya Taifa ya Kuzeeka ya Marekani, mwaka 2012, hawakuiona. Huko Wisconsin kima wa kundi la kulinganishia walikula walivyotaka, tena chakula chenye sukari nyingi. Kumpunguzia anayekula kupita kiasi na kumpunguzia anayekula kwa kiasi ni mambo mawili.

Kwa binadamu, jaribio kubwa ni CALERIE. Watu zaidi ya 200 wasio na unene wa kupindukia walifuatiliwa kwa miaka 2. Waliopangiwa kujinyima walitakiwa kupunguza kalori kwa asilimia 25. Waliweza takriban asilimia 12. Shinikizo la damu lilishuka, kolesteroli ikashuka, na kipimo kimoja cha kasi ya kuzeeka kilipungua kwa asilimia 2 hadi 3. Hayo ni mazuri, siyabezi. Lakini watu hao hao walipoteza misuli, na mifupa yao ya kiuno na nyonga ikapungua uimara.

Sasa tazama umri wao: miaka 21 hadi 50. Hapakuwa na mzee hata mmoja! Kijana akipoteza misuli kidogo, anayo akiba. Mtu wa miaka 70 akiba hiyo ameshaitumia kwa miongo kadhaa, na akianguka akavunjika nyonga, huenda asirudi tena alivyokuwa. Hata kwa panya, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kati ya waliopunguziwa chakula, walioishi zaidi ni wale ambao miili yao haikukonda sana.

Sisemi mzee mnene asipungue. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya jaribio la watu 107 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wote wenye unene uliozidi. Waliopunguza chakula peke yake walipoteza asilimia 5 ya misuli na viungo vingine visivyo mafuta. Waliochanganya na mazoezi, asilimia 3, na ndio walioimarika zaidi katika shughuli za mwili. Hapo ndipo ninaposimama: mzee asipunguziwe sahani bila mazoezi ya nguvu, protini ya kutosha na daktari anayejua anachofanya.

Baba amerudia kula kama zamani, na anafanya mazoezi ya kuketi na kusimama. Wiki iliyopita alisimama mara 9 kwa sekunde 30, mikono ikiwa kifuani.